Leza haikuniunguza jicho, vumbi la Kampala ndo lilinikomesha

Watu wakinikuta bila miwani swali ni lilelile, we, leza haikukuunguza jicho? Siwacheki, maana siku ile nafanyiwa LASIK Nairobi, ule upasuaji wa leza wa kurekebisha macho uachane na miwani, nimelala chali nikasikia harufu kama ya nywele zinazoungua, nikajua nimekwisha. Kumbe hakuna moto hapo. Ile leza inaitwa eksaima, mwanga wake ni wa nanomita 193 na jicho haliuoni, kazi yake ni kuvunja vifungo vya molekuli za konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, kila pigo linang'oa kama robo ya maikroni tu (maikroni elfu moja ndo milimita moja) na joto halipati muda wa kusambaa kwa nyama ya jirani. Ndani kwenye lenzi na retina, ule utando wa nyuma ya jicho, mwanga huo haufiki kabisa.

Kilichonitesa ni ile kukatwa kabla ya leza. Wanakata kifuniko chembamba juu ya konea, kama maikroni 100 hadi 120, wanakifunua kama jalada la daftari, sasa mishipa ya fahamu iliyopita humo nayo inakatika, na hiyo ndo huwa inaambia tezi toa machozi, basi jicho linakauka. Kwa wengi ukavu unatulia ndani ya miezi 3 mpaka 6, mi ilienda karibu 8. Nimerudi Kampala Januari, jua kali, vumbi, niko nyuma ya boda macho wazi kama mjinga! Asubuhi kope zimegandana na jicho, nafungua polepole huku natafuta chupa ya matone kwa kupapasa. Na ule weupe wa jicho ulikuwa na duara jekundu, ni alama ya kipete wanachobandika wakati wa kukata, kinanyonya jicho lisicheze, mama aliponiona alilia. Likaisha wiki mbili.

Kwa hiyo ndugu zangu mkienda, nunueni matone ya machozi yale yasiyo na dawa ya kuhifadhi, na miwani ya kuzuia upepo hata kama boda anawacheka. Kusugua macho sahau, kile kifuniko kinashika pembeni tu, nguvu ya zamani hairudi. Kuna upasuaji mwingine wa leza pia, PRK, hauna kifuniko, wanakwangua ngozi ya juu inaota tena kwa siku 4 au 5 hivi, inauma kwelikweli ila kwa mtu wa mpira au boda naona ni afadhali.

Halafu mwambieni daktari awatajie unene wa konea. Kawaida ni kama maikroni 540, na chini ya kifuniko wanataka zibaki angalau 250, zikipungua konea inaweza kulegea ikachomoza mbele kama koni. Binamu yangu ana aleji, anasugua macho tangu utoto, wakampima wakamkatalia. Nikamwambia ashukuru Mungu. Akaniuliza ashukuru nini, na miwani yake mpya juzi imekaliwa na abiria kwenye taxi ya Ntinda.