Mjane wa Bristol alilipwaje fidia ya watumwa?

SWALI: Dada mhariri habari za kazi. Nimesoma kwamba Waingereza walipofuta utumwa Karibiani walitoa fidia, na kati ya waliolipwa kuna wajane wa wafanyabiashara waliokuwa wanakaa zao Bristol na London. Sasa mjane ninavyomjua mimi ni mtu wa kuhurumiwa, mashemeji wakishagawana mali anabaki na watoto tu. Hawa waliingiaje kwenye mambo ya watumwa? Na watumwa wenyewe walipewa ngapi? Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu nianze na hilo la mwisho maana ndilo linauma, hawakupewa hata senti. Sheria ilipita 1833 ikaanza kazi Agosti 1, 1834, serikali ikatenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wamiliki na waliokuwa wanawadai, halafu watu kama 800,000 walioambiwa wako huru wengi wao wakalazimishwa kubaki kwa bwana yuleyule, sehemu kubwa ya wiki wanafanya kazi bila mshahara, mpaka 1838.

Mjane sasa. Mara nyingi ilianzia kwenye deni. Mume anafanya biashara ya sukari, anamkopesha mwenye shamba Jamaica au Grenada, rehani ni shamba pamoja na watu waliomo, sukari ikishuka bei deni halilipiki na rehani inabaki mikononi mwake. Akifa, wosia unasema mke wangu alipwe kiasi fulani kila mwaka maisha yake yote kutokana na lile shamba. Basi mama anakaa Bristol anapokea hela yake kama mtu anayepokea kodi ya nyumba, na fidia ilipotangazwa na yeye akapeleka madai. Na hawakuwa wachache, karibu asilimia 40 ya waliodai walikuwa wanawake.

Wengine hawakuhitaji shamba kabisa. Dorothy Little, mjane aliyeishi Clifton pale Bristol, alikuwa na watu 14 Jamaica, na aliwaandikia makamishna wa fidia kulalamikia hali yake. Kwamba maisha yalimbana naamini, mwanamke wa wakati ule hakuwa na njia nyingi za kupata riziki. Lakini kusema hakujua kwamba hela yake inatoka kwa watu anaowamiliki, hapana, kwa sababu madai yalilinganishwa na daftari la watumwa, na kwenye daftari yameandikwa majina, umri, na kama mtu kazaliwa Afrika au hukohuko. Fidia nayo ilifuata koloni, Guyana kwa mtumwa mmoja bwana alilipwa wastani wa pauni 51 hivi, Jamaica kama 20, wakati mjane hapo Bristol ni yuleyule na kazi ya miwa ni ileile.

Hela yenyewe serikali ilikopa, na deni hilo lilimalizika kulipwa 2015. Yaani wajukuu wa watumwa waliohamia Uingereza wamekatwa kodi miaka yote hiyo kulipia fidia ya waliowamiliki babu zao, mimi hili kila nikilikumbuka nakosa usingizi.

Na kwa kuwa uko Tanga, vuka tu hapo ng'ambo Zanzibar. 1897 Sultani Hamoud alipotia saini amri ya kufuta utumwa, kwa shinikizo la Waingereza haohao, fidia ilikwenda kwa mabwana, na mtumwa ilibidi aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Masuria hawakuhesabiwa, walisubiri mpaka 1909.