Jokofu likizima, nani aamue?

SWALI: Nasimamia ghala la samaki Kibirizi, Kigoma. Jokofu likizima usiku, vijana wananipigia mimi tu. Nifanyeje?

JIBU: Mkabidhi mmoja tatizo zima, siyo kumtuma tu amwite fundi. Mpe mipaka: samaki aina ya migebuka wasipite nyuzi joto 4, atumie hadi, tuseme, shilingi 150,000 bila kukuuliza, akupe taarifa baada ya dakika 30. Barafu iwepo, kilo kwa kilo ya samaki. Waya zilizoungua asiguse. Akipiga mapema muulize, "Wewe unaonaje?" kisha nyamaza. Hapo ndipo mabosi wengi huharibu: wanatoa jibu, na kesho simu inalia tena. Asubuhi kaeni dakika 10, akueleze alianza na nini na kwa nini.