Chagua Kisahani kwa Ajili ya Mdakaji

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba alimnunulia binti yake wa miaka tisa kisahani cha kurusha, kile cha plastiki ambacho wengi hukiita Frisbee, wakacheza jioni chache, na sasa mtoto hataki hata kukiona. Kisahani kinayumba hewani, kinapinduka, na kikimfikia kinamgonga vidoleni. Msomaji aliuliza kama huenda mwanawe hana kipaji cha michezo. Nilimjibu siku ileile kwamba mtoto hana kosa lolote na kwamba kinachopaswa kubadilishwa ni kisahani. Nilimjibu kwa ukali kidogo, kwa sababu swali lake liligusa mahali ambapo mimi mwenyewe bado panauma.

Kwa miaka mingi mimi na shemeji yangu, mume wa dada yangu, tumekuwa tukirushiana kisahani kila ukoo unapokutana. Shemeji ana mkono wenye nguvu na hapendi watu wasahau jambo hilo. Safari moja alikuja na kisahani kidogo, chembamba na kigumu, akakisifu kwamba kinakwenda mbali kuliko changu kikuukuu, na kwa hilo alisema kweli. Kilinijia chinichini kwa kasi, nikanyoosha mkono mmoja kama nilivyozoea, na ukingo wake ukaingia moja kwa moja kwenye ngozi laini iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, ukaichana. Ukucha wa gumba uligeuka mweusi na ukabaki hivyo kwa muda mrefu. Shemeji alicheka, akawatangazia waliokuwapo kwamba mimi naogopa kisahani. Kauli hiyo ameirudia katika kila mkusanyiko tangu siku hiyo, na watu hucheka kila mara, na mimi sijaizoea hata leo.

Kile alichonirushia kilikuwa kisahani cha gofu ya visahani, mchezo ambao mtu hurusha akilenga kikapu chenye minyororo. Katika mchezo huo minyororo ndiyo hudaka, kwa hiyo mtengenezaji hana sababu ya kuvihurumia vidole vya mtu. Visahani vya aina hiyo huwa na upana wa takribani sentimita 21, na vile vya kwenda mbali huchongwa ukingo mkali ili upasue hewa. Havikai vizuri angani ila virushwe kwa kasi kubwa. Kasi ikianza kuisha, huinamia upande na kushuka ghafla. Kwa mtu atumiaye mkono wa kulia na kurusha kwa kuvuta mkono kutoka kifuani, upande huo ni kushoto kwake. Badiliko hilo hutokea mwishoni mwa safari, yaani wakati uleule ambapo mdakaji amekwisha kuamua mkono wake uende wapi.

Kisahani cha kurushiana hakina budi kufanya kinyume chake: kipunguze mwendo na kuelea kidogo mbele ya mdakaji kabla ya kutua. Kwa watu wazima sina shaka kwamba kinachofaa ni cha gramu 175, chenye upana wa sentimita 27 hivi. Huo ndio uzito unaotumika katika ultimate, mchezo wa timu ulioanzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa shule ya sekondari huko Maplewood, New Jersey, ambao ndani yake mtu anaweza kudaka mara nyingi mno katika mechi moja na bado akahitaji vidole vyake kesho yake. Mimi natumia Ultra-Star ya kampuni ya Discraft, ambayo ilitoka mwaka 1981 na ikafanywa kisahani rasmi cha mashindano ya mchezo huo nchini Marekani mwaka 1991. Ukingo wake ni wa mviringo na una kina cha kutosha kwa vidole vinne kujikunja ndani bila kubanwa. Mpwa wangu, mtoto wa shemeji huyohuyo, akitaka kucheza huja kuomba changu, na huwa namkabidhi mbele ya baba yake.

Msomaji wangu alidhani kwamba chepesi ndicho salama kwa mtoto, na wengi hudhani hivyo. Kisahani husimama hewani kwa sababu kinazunguka, na mzunguko hudumu pale ambapo plastiki nyingi imekaa kwenye ukingo. Vile vyembamba vinavyogawiwa kama zawadi za matangazo vina ukingo mwepesi kama katikati yake, kwa hiyo mzunguko hufa mapema, upepo mdogo hukiinua upande mmoja, na mtoto hulazimika kudaka kitu ambacho hata aliyekirusha hajui kitaelekea wapi. Kwa umri wa binti yule, cha gramu 145 kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto kinatosha. Vya kitambaa au mpira laini ni vya mbwa, na meno ya mbwa yana mahitaji yake.

Dukani usianze na rangi. Kishike, ukibonyeze ukingo uone kama unakubali kidogo, kisha pitisha gumba upande wa ndani pale plastiki ilipoungana, kwa maana uzi mkali usiouona kwa macho utausikia kiganjani ukianza kudaka. Angalia pia mistari ya duara mgongoni. Ed Headrick alipata hataza ya mistari hiyo mwaka 1967 alipokuwa akifanyia kazi kampuni ya Wham-O iliyokuwa ikiuza Frisbee, na kazi yake ni kukituliza kisahani kinapopaa.

Najua wapo watakaosema kwamba wao wanataka umbali. Pete ya Aerobie, chombo chembamba cha kurusha kilicho wazi katikati, ilirushwa mita 406 mwaka 2003, nami naiheshimu rekodi hiyo, lakini hakuna mtu anayesimama umbali huo ili akurudishie. Ukinunua kisahani kwa ajili ya kuonyesha nguvu za mkono wako, nenda kirushe peke yako uwanjani na ukakiokote mwenyewe. Mtu aliyekubali kusimama mbele yako amekukabidhi vidole vyake, na wajibu wa kuvilinda ni wako tangu unapochagua kisahani. Narudia: fikiria mkono utakaodaka.

Binti yule aanze karibu, hatua chache tu, akidaka kwa viganja viwili, kimoja juu na kingine chini, kisahani kikiingia katikati kwenye usawa wa kifua. Msilete mkono mmoja mpaka aombe mwenyewe. Kisahani kikiangukia lami au saruji, ukingo utaota vinyuzi vinavyokwaruza. Visugue kwa msasa laini jioni hiyohiyo, kabla hakijarudi mikononi mwake.