Usikimbilie jina la chuo, muulizie mkimbiaji wa tano

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yanapotoka, naanza kupokea ujumbe kutoka Iten, Kapsabet na Nyahururu, miji ya wakimbiaji katika nyanda za juu. Swali ni lile lile: kocha fulani wa Marekani ananitaka, lakini chuo chenyewe sijawahi kukisikia, niende au ningoje kikubwa? Mimi nilisoma kwa ufadhili wa riadha katika chuo kidogo cha Divisheni ya Pili, ngazi ya kati kati ya tatu za michezo ya vyuo vya Marekani, upande wa milimani huko magharibi mwa nchi hiyo, na nawaambia wote kwamba udogo wa chuo usiwatishe. Kuna mambo mengine ya kutazama.

Chuo kilichotufunza sote adabu katika mbio za nyika ni Adams State, kilichoko Alamosa, Colorado. Ni mji mdogo katika bonde la wakulima wa viazi, karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa Iten hatababaishwa na hewa yake. Baridi ndiyo itakayomtoa machozi. Chuo kilianzishwa mwaka 1921 kufundisha walimu, na hadi leo wanafunzi wake ni elfu chache tu. Mwaka 1965 timu ikakabidhiwa Joe Vigil, mzaliwa wa bonde lile lile, msomi wa fiziolojia ya mazoezi. Alikaa karibu miaka thelathini, akaacha mataji 19 ya taifa.

Taji la 1992 ndilo ninalopenda kuwaeleza vijana. Katika mbio za nyika, kila chuo huleta wakimbiaji saba, watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa. Nafasi zao hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mwaka huo wanaume wa Adams State walipata pointi 15, yaani moja, mbili, tatu, nne, tano. Huwezi kupata chini ya hapo.

Sasa fikiria maana yake. Nyota mmoja, hata awe na kasi ya ajabu, anakuletea pointi moja nzuri tu. Timu inashinda au kuzama kwa huyo wa tano. Kwetu, mtu wa kwanza alipovuka mstari, kocha alimpigapiga begani mara moja akageuka. Alisimama akiwa ameishika kamba ya njia ya mwisho, midomo ikihesabu jezi za rangi yetu, na hakuvuta pumzi mpaka wa tano ameingia. Wiki nzima ya mazoezi ilipangwa kwa ajili ya yule kijana, ambaye jina lake halikuandikwa na gazeti lolote.

Kwa hiyo kocha akikupigia simu, muulize: mkimbiaji wako wa tano alikuja akiwa na muda gani, na sasa anakimbia muda gani? Anayejenga watu atakujibu papo hapo, tena kwa furaha. Pat Porter alipofika Adams State vyuo vikubwa havikuwa vikimgombania. Baadaye akawa bingwa wa Marekani wa mbio za nyika miaka minane mfululizo, 1982 hadi 1989. Muulize kocha pia amekaa hapo miaka mingapi. Vigil alipoondoka, timu ilishikwa na Damon Martin, aliyekuwa amesoma pale pale, na ushindi ukaendelea. Panapobadilishwa makocha kila msimu, unaweza kusajiliwa na mmoja ukapokelewa na mwingine asiyekujua.

Kwenye pesa, fungua macho. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inaruhusu chuo cha Divisheni ya Pili kiasi kinacholingana na ufadhili kamili 12.6 kwa wanaume wote wa riadha na mbio za nyika pamoja, na kiasi hicho hicho kwa wanawake. Vyuo vingi havifikii hata hapo. Kocha huukata na kuugawa, huyu nusu, yule robo. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa riadha kabisa. Kwa hiyo neno “skolashipu” peke yake halitoshi. Taka barua inayotaja ada, malazi, chakula, vitabu na bima ya afya, kila kimoja na kiasi chake. Baba na mama wasiuze shamba kabla ya kuiona. Na wakala akikwambia atachukua asilimia fulani ya ufadhili wako, kata simu, maana sheria za NCAA zinakataza malipo ya namna hiyo.

Halafu chagua masomo mwenyewe. Mike Boit, Mkenya aliyepata shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich 1972, alisoma Eastern New Mexico, chuo kidogo katika mji wa Portales, na baadaye akawa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Uliza wakimbiaji wangapi wa timu walihitimu na wanafanya kazi gani. Omba namba ya mmoja aliyekwisha kumaliza, hasa aliyewahi kuumia, umpigie, kocha akiwa hayupo. Mwambie akueleze alivyotendewa ile miezi ambayo hakuweza kukimbia, kama ufadhili wake uliendelea mwaka uliofuata, na nani alimlipia daktari.