Maswali ya wasomaji: Kimansi na Kihungaria ni ndugu kweli?

SWALI: Nasoma kwamba Kimansi cha Siberia ya magharibi ni ndugu wa karibu wa Kihungaria. Mbona nikilinganisha maneno siuoni undugu? Na wenyewe wakikutana, wanaelewana?

JIBU: Hawaelewani kabisa, lugha hizo ziliachana zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Undugu upo, ila hautafutwi kwa maneno yanayofanana, maana kufanana huweza kutokana na bahati au ukopaji. Tafuta tofauti ya sauti inayojirudia.

Linganisha na Kifini, ndugu yao wa mbali. Chukua “samaki”: Kifini kala, Kihungaria hal, Kimansi hūl. “Tatu”: kolme, három, hūrum. K ya Kifini inalingana na h. Sasa “mkono”: käsi, kéz, kāt. K imebaki! Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kumbe kanuni ni nzima: k iligeuka ilipofuatwa na irabu za nyuma tu (zinazotamkwa ulimi ukirudi nyuma), kama a, o na u. A ya kāt isikupoteze, kwani zamani ilikuwa irabu ya mbele, kama ä ya käsi.

Kosa jingine ni kushika umbo la kamusi la Kifini. Käsi ina shina käte-, na vesi, “maji”, ina vete-. Ukitumia shina, t ya Kifini inalingana na z ya Kihungaria na t ya Kimansi: vete-, víz, wit. Jozi mbili hazitoshi kuthibitisha kanuni, lakini njia ni hiyo hiyo.

Kimansi, Kikhanti cha majirani wao wa bonde la mto Ob, na Kihungaria huwekwa katika tawi la Kiugri. Zina maneno yasiyopatikana Kifini, mfano “farasi”: luw kwa Kimansi, ló kwa Kihungaria. Wapo wanaisimu wanaolitilia shaka tawi hilo, wakisema baadhi ya mfanano ulitokana na ujirani. Hoja yao ina uzito.

SWALI: Kimansi bado kinazungumzwa?

JIBU: Ndiyo, ila kimepungua mno: sensa ya Urusi ya 2010 ilihesabu wazungumzaji 938. Kati ya makundi manne ya lahaja, limebaki la kaskazini, ambalo ndilo msingi wa maandishi na gazeti la Luima Seripos. Ukikuta orodha ya zamani ya maneno iliyoandikwa “Kivoguli”, ndicho hicho hicho. Angalia kwanza lahaja iliyotajwa, na usiache kistari juu ya irabu, kwani urefu wa irabu hutofautisha maneno.