Kabla Hujanunua Kikorokoro cha Baiskeli, Subiri Barabara Ikudai

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai nilijikuta nimesimama kando ya barabara ya Bagamoyo, mbele kidogo ya Kerege, nikiwa na taarifa nyingi mno kuhusu nafsi yangu. Kompyuta ndogo niliyoifunga kwenye usukani wa baiskeli ilinijulisha kwamba nimekwenda kilomita 40 na ushei tangu nyumbani, kwamba mwendo wangu wa wastani ni kilomita 23 kwa saa, kwamba joto ni nyuzi 29 na kwamba moyo wangu unapiga mara 131 kwa dakika. Jambo ambalo haikunijulisha ni kwamba tairi la nyuma lilikuwa limelala chini kama chapati. Hilo nililigundua mwenyewe, kwa makalio.

Pampu, viraka na tyubu ya akiba vilikuwa nyumbani. Huwa navibeba katika kijimfuko kinachofungwa chini ya kiti, lakini juma lile nilikuwa nimekiondoa ili kupisha rada. Ndiyo, rada. Ni kifaa kinachofungwa nyuma ya baiskeli, kikahisi gari linalokuja na kukupigia mlio ili usishtukizwe. Katika barabara tulivu za Ulaya, ambako gari hupita moja baada ya kitambo, naamini ni kitu cha maana sana. Katika barabara ya Bagamoyo kililia tangu Mwenge hadi Bunju bila kumeza mate, nami nikakizima, nikaendelea na safari nikiwa nimebeba kitu kisichosema neno mahali pa vitu ambavyo vingeniokoa. Bei yake ingetosha kununua baiskeli ya Phoenix iliyotumika, na chenji ingebaki.

Niliisukuma baiskeli kwa muda wa nusu saa hivi, nikamkuta fundi mmoja mzee chini ya mkorosho. Baada ya shikamoo na marahaba, aliigeuza baiskeli juu chini, akachukua vijiko viwili vya chakula, akavipenyeza mipini yake kati ya tairi na ringi, akaifunua tairi kama mtu anayemenya chungwa. Tyubu aliijaza hewa kidogo, akaizungusha taratibu ndani ya karai la maji, mpaka uzi mwembamba wa mapovu ulipotokea. Alipakausha pale mahali kwa shati lake, akapasugua kwa msasa, akapaka gundi, akaipuliza kwa subira kana kwamba ni uji wa mtoto, kisha akabandika kiraka alichokikata kutoka kwenye tyubu nzee. Kazi yote haikufika dakika 10. Nilikwisha kuingiza mkono mfukoni kutafuta pesa pale aliponyanyua mdomo wa pampu yake, akautazama, akaitazama vali ya tyubu yangu, akanitazama na mimi.

Pampu haikuingia. Hapa inanibidi nieleze kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo moja ambalo ningependa mwendesha baiskeli mpya alijue kabla ya mengine yote. Baiskeli nyingi za mbio hutumia vali nyembamba yenye kipenyo cha milimita 6, ambayo ina kinati kidogo kichwani cha kulegeza kabla ya kujaza hewa. Baiskeli zetu za kawaida, pamoja na pikipiki na magari, zina vali nene za milimita 8 hivi, na pampu za mafundi wetu zimetengenezwa kwa ajili ya hizo. Mzee alikuwa na tyubu mpya zikining'inia kwenye tawi, lakini hata kama zingekuwa za ukubwa wangu, vali zake nene zisingepita katika tundu dogo la ringi langu. Alipendekeza kulipanua tundu hilo, na akaanza kutazama upande ilikokuwa keekee yake kwa hamu ambayo haikunifurahisha hata kidogo.

Nilipokataa, alifikiri kidogo, kisha akaniomba kile kikofia cha plastiki kinachofunika vali. Alikikata ncha kwa wembe, akalegeza kinati cha vali, akakigeuza kikofia kichwa chini na kukikaza tena mahali pake. Vali nyembamba ikanenepa. Pampu ikashika, ikavuja kidogo kwa sauti ya kunong'ona, lakini hewa ikaingia. Wakati akipampu aliniuliza baiskeli ile nimeinunua kwa bei gani. Kwa aibu nilimtajia nusu ya bei yenyewe, naye akaguna na kutikisa kichwa.

"Na kwa pesa zote hizo," akasema, "pampu hawakukupa?"

Alinitoza shilingi 1,000.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja katika ununuzi wa vikorokoro: sinunui kifaa mpaka barabara iwe imenidai angalau mara mbili. Mara ya kwanza inaweza kuwa bahati mbaya. Barabara ikidai mara ya pili, hilo ni deni, na deni halina budi kulipwa. Kwa kanuni hiyo, vitu vya kwanza ni vya bei ndogo na havina betri: pampu ndogo, tyubu mbili za saizi yako, viraka na gundi yake, vijiti vya kufungulia tairi kama huna moyo wa kuiba vijiko jikoni, na kile kiunganishi kidogo cha shaba kinachoifanya vali nyembamba ipokee pampu ya fundi yeyote kuanzia Kerege hadi Kigoma. Kiunganishi hicho ni kidogo kuliko punje ya karanga. Nakibeba kikiwa kimekazwa kwenye vali yenyewe, kwa sababu kila kitu kidogo ninachokiweka mfukoni hupotea.

Cha pili ni taa, hasa ya nyuma. Huku kwetu, karibu na ikweta, giza halibishi hodi. Jua likizama, baada ya muda mfupi hakuna anayekuona. Baba yangu alikuwa na Phoenix ya inchi 28 kule Tabora, yenye dinamo iliyosugua ubavu wa tairi. Dinamo za aina ile zilitoa volti 6 na wati 3 tu, na zilikuwa na tabia moja ya kuchekesha: mwanga wake ulitegemea nguvu za miguu ya mwendeshaji. Akiteremka, taa iliwaka kama ya lori; akipanda kilima, ilififia ikawa kama kiberiti, na akisimama ilizimika kabisa. Mama alikuwa akikaa uani akitazama ule mwanga ukija kutoka mbali, na kwa kuutazama tu alijua kama mzee ameshachoka, kama amebeba gunia, au kama amesimama mahali kwa mazungumzo marefu. Taa za leo huchajiwa kwa waya wa simu na hung'aa sawasawa muda wote. Ni bora mara mia, ingawa hazina habari.

Cha tatu, na hapa naomba radhi kwa wazee, ni suruali fupi ya kubana yenye sponji. Mtu anayekusudia kukaa juu ya kiti chembamba kwa saa tatu anaihitaji kuliko anavyohitaji kompyuta ya setilaiti, na huvaliwa bila nguo nyingine ndani, maana mishono ndiyo inayochubua. Tatizo lake ni la kijamii. Siku moja nilipita kwa wakwe zangu Tegeta nikiwa nimevaa vazi hilo, na baba mkwe alinipokea kwa heshima zote, akanipa kiti, akanipa maji, akatazama pembeni kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole: "Mkwe wangu, kama shida ilikuwa nauli, ungesema tu mapema." Tangu hapo hubeba bukta pana katika begi na kuivaa juu kabla ya kubisha hodi. Hilo nalo ni deni ambalo barabara ilinidai.

Vifaa vya kupimia sivichukii, maana ninavyo na navipenda. Nasema tu kwamba ni vizuri kujua vinafanyaje kazi kabla ya kuviamini. Saa ya mkononi hupima mapigo ya moyo kwa kumulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kusoma jinsi damu inavyobadili mwanga unaorudi. Mkono ukitetemeka juu ya barabara ya vumbi yenye matuta, saa hubabaika na kukutangazia mapigo ya mtu mwingine. Mkanda wa kifuani husoma umeme wa moyo wenyewe, kwa hiyo haubabaiki sana kama saa. Kipima nguvu ndicho kifaa kinachosema kweli kuliko vyote, kwa kuwa hupima jinsi chuma cha pedali kinavyopindika kidogo mno chini ya mguu na kukupa hesabu kwa wati. Lakini mtu ambaye mpinzani wake mkubwa ni daladala ya Tegeta hana sababu ya kuzijua wati zake.

Kifaa ninachokiogopa ni programu ya kurekodi safari. Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya aina hiyo, ilitoa ramani ya dunia iliyochorwa kwa safari za watumiaji wake, na ilipofika Januari 2018 watu wakagundua kwamba mistari yake inayong'aa inaonyesha njia za mazoezi za askari ndani ya kambi za kijeshi katika nchi za mbali. Kama kambi ya jeshi imeumbuliwa, mimi ni nani? Kwa hiyo ushauri wangu wa dhati ni kuingia katika mipangilio ya programu na kuficha mwanzo na mwisho wa safari zako, ili mtu usiyemjua asijue baiskeli ya thamani hulala nyumba gani.

Nilipofanya hivyo nilidhani nimemaliza. Sikujua kwamba programu hiyo hutunza saa za aina mbili, yaani muda uliokuwa unaendesha na muda wote tangu ulipoondoka. Nilimwambia mama watoto kwamba nimefanya mazoezi makali ya saa mbili na nusu. Alichukua simu, akasoma kwa utulivu kama karani wa mahakama, akauliza inakuwaje baiskeli ilisimama dakika 55 pale Coco Beach. Nilikuwa nimekula mihogo. Nilikuwa nimekula mihogo ya sahani mbili, na kachumbari, na dafu. Saa ni mbea, tena mbea mwenye ushahidi.

Pamoja na hayo, ukweli ni kwamba wengi wetu hatukuvutwa na vipimo. Tulivutwa na picha. Kwa watu wa rika langu ni ile filamu ya Marekani ya mwaka 1982 ambamo mtoto anapaa mbele ya mwezi akiwa na kiumbe wa sayari nyingine ndani ya kikapu cha mbele. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza ile tairi ilikuwa na upepo kiasi gani. Kwa vijana wa sasa ni Biniam Girmay wa Eritrea, ambaye mwaka 2024 alishinda hatua 3, yaani mbio za siku moja moja, za mashindano makubwa ya Ufaransa yaitwayo Tour de France, na kuondoka na jezi ya kijani ya kinara wa pointi. Huyo huyo, mwaka 2022, alishinda hatua ya mbio za Italia, akapanda jukwaani kufungua chupa ya kushangilia, na kizibo kikamruka jichoni, ikawa ndio mwisho wa mashindano yake. Alishindana na dunia nzima bila kudhurika, akaja kuangushwa na chupa. Kila ninaponunua kofia ya kichwa au miwani huwa namfikiria.

Na ndipo tunapofika Kigali. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika huko kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, nami nikamshawishi mwenye kibanda umiza mtaani kwetu atuwekee siku ya mwisho kabla ya mpira wa jioni. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5. Kwa muda mrefu nilikuwa mtazamaji peke yangu, pamoja na kijana mmoja aliyekuwa anachaji simu. Watu wa mpira walipoanza kuingia waliuliza ni ngapi kwa ngapi, na mimi nikawa natafsiri: yule wa mbele ni Tadej Pogačar wa Slovenia, yuko peke yake, na bado ana kilomita zaidi ya 50. "Peke yake? Wenzake wamegoma?" Kisha wakarudia picha za Remco Evenepoel wa Ubelgiji alipokuwa amesimama kando ya njia akisubiri gari la timu limletee baiskeli nyingine. Siku ile alibadili baiskeli mara mbili, na bado akamaliza wa pili.

Kibanda kizima kilimwonea huruma. Yule kijana wa simu aliniuliza kama na mimi, ninapoharibikiwa, huletewa nyingine. Nilimjibu kwamba gari langu la timu ni bajaji, na hulipwa kabla ya kuwashwa.

Mwezi uliopita nilipita tena Kerege, safari hii nikiwa na kijimfuko chini ya kiti na rada ikiwa imekwisha kuuzwa. Nilimpelekea yule mzee viunganishi viwili vya shaba. Kimoja alikifunga kwa uzi kwenye shingo ya pampu yake ili kisipotee. Cha pili alikigeuzageuza juani, akakisifu kwa kung'aa, akakitia kwenye pete ya ufunguo wa nyumba yake kiwe pambo, kisha akanikumbusha kwamba bado sijamwambia ile baiskeli niliinunua kwa bei gani hasa.