Kabla hujawa opereta, tazama nyuma yako

Juzi kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Kaka, nimepata kazi ya kufunga mizigo ya kreni kiwandani. Nipe siri ya kupanda haraka niwe opereta." Nilifurahi, maana nami nilianzia hapo, katika kiwanda kimoja cha sukari huku magharibi, na baada ya miaka mitatu hakuna aliyenishinda kwa kufunga mnyororo. Ila siri sikumpa kwanza. Nilimsimulia habari za paja langu.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa ukarabati. Gia la tani mbili lilikuwa pembeni, ndoano ya kreni haikulifikia. Fomani akasema tulivute mshazari, tumechelewa. Nilijua haifai. Mzigo usio chini kabisa ya ndoano, ukiachana tu na sakafu, hukimbilia katikati kama bembea. Nami nilikuwa nimesimama papo hapo, nguzo ya chuma mgongoni, nimenyoosha mikono niuzuie. Tani mbili! Nilisikia mfupa ukilia kabla ya maumivu kufika.

Mguu ulipona. Kinachoniuma ni ile karatasi iliyoandikwa "uzembe wa mfanyakazi", sahihi ya fomani yule yule. Nilikaa nyumbani nikingoja kuitwa. Nilipofika ofisi ya serikali Kisumu ilikuwa mwezi wa 14 tangu ajali, na sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, inataka dai ndani ya miezi 12. Mwajiri naye anatakiwa kuripoti ajali ndani ya siku 7. Kibarua kama mimi nani angeniambia?

Kwa hiyo, mdogo wangu, uopereta baadaye. Ndoano isimame wima juu ya mzigo. Inua shubiri moja, tulia, uangalie kama unalalia upande. Uongoze kwa kamba ndefu, usiuguse kwa viganja. Minyororo miwili usiitanue: ikilala hadi pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja unavutwa kwa uzito wote, kama kwamba mwenzake hayupo. Na kabla ya kutoa ishara, tazama nyuma yako. Kama hakuna pa kukimbilia, ondoka hapo. Fomani akifoka, afoke. Nyinyi vijana mnaogopa kufutwa kuliko kuvunjika. Nami niliogopa vivyo hivyo. Ukiumia, andika tarehe na saa, upeleke dai wewe mwenyewe.

Alinijibu usiku: pale anaposimama kuna ukuta nyuma yake. Leo ana zamu ya asubuhi. Nimemwomba anipigie saa nane, akitoka.